Karani wa Mizani

Kemilembe amenieleza mara tatu. Mara mbili
nimejifanya sikuelewa, ili nimsikie tena:
Mtihani huu, baba, hauna karatasi.
Unakaa mbele ya kompyuta, unajibu swali moja.
Ukipatia, linalofuata linakuja gumu kidogo.
Ukikosea, linakuja jepesi.
Hakuna kurudi nyuma, hakuna kuruka.
Wala huambiwi yako mangapi. Inanyamaza yenyewe
ikishajua.

Ikishajua nini?

Ikishajua ulipo.

Nje, Erie imefukiwa. Theluji ya ziwani haishuki,
inakuja kwa ubavu, kama mdai.
Buti zangu za kiwandani ziko mlangoni,
kwenye nyayo zimenasa punje nyeupe za plastiki.
Usiku kucha nazimimina kinywani mwa mtambo,
alfajiri zinatoka vifuniko vya chupa za dawa.
Alhamisi nimeomba ruhusa. Saa nne asubuhi,
chumba namba kumi na nne. Uje na kitambulisho,
usije na simu.

Mimi nilikuwa karani wa mizani.
Miaka kumi na tisa, chama cha msingi, Muleba,
kahawa ya maganda, gunia kwa gunia.
Unaweka jiwe, mkono unapanda. Unaondoa, unashuka.
Unaongeza dogo, unapunguza dogo zaidi,
mpaka ulimi usimame katikati ukitetemeka
na mkulima amebana pumzi.
Hapo ndipo penye kilo zake.
Sikuwahi kuliuliza gunia linajisikiaje.

Tunafanya mazoezi mezani, kati ya kopo la chumvi
na bili ya gesi. Ananisomea aya ya nyuki, nachagua wazo kuu.
Vitenzi vyao navimudu, vinatembea mikono mitupu;
chetu kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa,
na bado kinapanda mlima.
Kinachonitoa jasho ni kale kaneno
kanakotangulia majina, kepesi kama kapi:
dhe. Kawekwe wapi, kaachwe wapi?
Gunia ni gunia, nasema. Ukiliona unajua ni lipi.
Hapana, baba. Kuna gunia lolote, na kuna gunia lile.

Na dh naiweza! Naitamka kama ya dhahabu.
Senad, Mbosnia wa zamu yetu, husema ze,
naye alifaulu mwaka juzi.
Kompyuta haina masikio.

Andika sentensi tano, akaniambia,
akaenda kumlaza mtoto. Kiingereza kikagoma.
Zikaja hizi:

    Rahisi lijapo swali, usicheke, utalia,
    Ujue huendi mbali, chini imekuachia,
    Likija gumu na kali, cheka, umewafikia,
    Mizani haijadili, hupima, ikatulia.

Akarudi, akasoma, akacheka mpaka akakaa.
Hizi ni nne, baba. Na ni za lugha gani?

Kuna jambo sijamwambia.
Katibu wa chama alikuwa akipita nyuma yangu,
ananong'ona: kata kilo moja kila gunia, ya unyevu.
Hata kiangazi. Hata kahawa iliyolia kama changarawe.
Nilikata. Niliandika kwa mwandiko mzuri.
Mama mmoja, Koburungo, aliutazama ulimi,
akanitazama mimi, akachukua risiti yake.

Sasa nagonga mazoezi ya swali la saba, la nane,
yanakuja mepesi, mepesi zaidi,
rangi za matunda, siku za wiki,
nami nauliza skrini: ni mimi huyu,
au umenikata unyevu?

Saa tano inakaribia. Navaa buti.
Kemilembe ananifungia skafu kama mtoto wa shule,
ananipa kadi za maneno nizitie mfukoni.
Sitazifungua. Nitamimina punje
nikifanya zoezi langu mwenyewe, kimoyomoyo,
mpaka kengele ya mapumziko:
punje yoyote. Punje yoyote. Punje yoyote.
Punje ile.